Jicho la Sungura na Kopo la Losheni: Uhakiki wa Kitabu cha Al-Hafidh Masri

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake, tunakusudia katika kurasa hizi kukitazama kitabu cha Al-Hafidh Basheer Ahmad Masri kuhusu wanyama katika Uislamu, hasa sehemu yake inayozungumzia majaribio ya maabara. Kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiingereza. Kilitanguliwa na kijitabu cha mwaka 1987, kikatoka kwa ukamilifu mwaka 1989 huko Petersfield, Uingereza, kwa jina la Animals in Islam, kisha Islamic Foundation ya Leicester ikakichapa upya mwaka 2007. Miongoni mwetu wanaokitaja ni wengi kuliko waliokisoma, na wanaokitaja hukitaja kwa jambo moja tu, kwamba Masri ameharamisha vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Maneno hayo ni mafupi mno kwa hoja yenyewe, na ufupi huo umeleta utata ambao tungependa kuufungua.

Masri alizaliwa India mwaka 1914. Mwaka 1941 alikuja Afrika Mashariki, akaishi huku miaka 20 akiwa mwalimu na akishiriki katika vyama vya kuwatetea wanyama. Mwaka 1961 alihamia Uingereza, na mwaka 1964 akawa imamu wa msikiti wa Shah Jahan, Woking, uliojengwa mwaka 1889. Alifariki mwaka 1992. Tunayataja haya kwa sababu wapo wanaodai kuwa kuhurumia wanyama kwa kiasi hiki ni fikra za Kizungu zilizovikwa kanzu. Mtu aliyekaa miaka 20 katika nchi zetu hakuhitaji kwenda Ulaya ili amwone punda aliyechubuka mgongo kwa mzigo.

Huku Lupaso, na katika Masasi na Newala kwa ujumla, hatuna maabara zenye sungura. Tuna korosho. Malipo ya korosho yakishatoka, magulio hujaa makopo ya losheni, poda, rangi za nywele, piko na wanja, na akina mama wengi, wajane wakiwemo, hupata riziki yao katika meza hizo. Khatibu akipanda mimbari akatangaza kwamba bidhaa hizo ni haramu kwa sababu ya sungura wa Ulaya, maneno yake hayamfikii mwenye kiwanda. Yanamwangukia mama mwenye meza. Na khatibu mwingine akisema hayo ni mambo ya Wazungu na hayatuhusu, anawafundisha vijana kwamba dhulma ikifanyika mbali na macho yetu haina hukumu katika Sharia. Tumewasikia makhatibu wa aina zote mbili.

Kijana mmoja wa darsa ya Safina alituuliza: "Ustadhi, sungura si tunamla? Sasa kumtia dawa machoni kuna tofauti gani na kumchinja?" Swali hili ni zuri kuliko majibu mengi yanayotolewa. Ni kweli sungura ni halali. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba walimkurupusha sungura huko Marr adh-Dhahran, Anas akamkamata, Abu Talha akamchinja na kumpelekea Mtume (s.a.w.) paja lake, naye akalipokea. Vijana wa vijijini kwetu nao wanamjua sungura wa porini kwa mbwa na nyavu, na wanamjua zaidi katika hadithi za bibi, ambamo humshinda fisi na simba kwa ujanja. Sungura wa maabara hana ujanja wowote wa kumsaidia. Basi kwanza tueleze anachofanyiwa.

Kipimo kilicho mashuhuri zaidi kilichapishwa mwaka 1944 na John Draize, mtaalamu wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Sungura huzuiwa asijisogeze, na kitu kinachopimwa hutiwa ndani ya kope la chini la jicho moja. Jicho la pili huachwa kwa ajili ya kulinganisha. Wapimaji hurudi kulitazama baada ya saa 24, 48, 72 na zaidi, wakiandika alama kwa wekundu, uvimbe, majimaji yanayotoka na ukungu katika kioo cha jicho. Kazi ikimalizika, kwa kawaida mnyama huuawa. Kipimo kingine kilibuniwa mwaka 1927 na Trevan wa Uingereza, nacho ni kutafuta kiwango cha dawa kinachoua nusu ya wanyama waliopewa. Hicho cha kunywesha kiliondolewa katika miongozo ya kimataifa ya OECD mwaka 2002, baada ya miaka mingi ya matumizi.

Masri anaijengaje hoja yake? Anaanza na Qur'ani, hasa aya ya 38 ya Suratul An'am inayowataja wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi, kisha anapitia Hadithi za huruma: mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, katazo la kumpiga mnyama chapa usoni, katazo la kumfanya mwenye roho shabaha, amri ya kunoa kisu. Halafu anaingia katika kanuni za fiqhi. Anagawa maslahi ya wanadamu katika mafungu matatu yanayojulikana, yaani dharura, haja na tahsini, na anatumia kawaida kama vile kwamba lililoruhusiwa kwa udhuru huondoka udhuru ukiondoka, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kutokana na hayo anahitimisha kwamba majaribio yenye mateso kwa ajili ya mapambo na anasa hayana mlango katika Sharia.

Hitimisho hilo tunalikubali. Uzito wetu uko katika njia aliyopitia, na kwa mwanafunzi wa elimu njia ni muhimu kama alikofika, kwa kuwa kesho ataulizwa suala ambalo kitabu hakikulitaja.

Jambo dogo tulimalize kwanza. Masri amewaandikia watu wa aina mbili kwa wakati mmoja, Waislamu na watetezi wa wanyama wasiokuwa Waislamu, na kwa ajili hiyo Hadithi zake zimepangwa pamoja bila mjadala wa daraja zake. Hadithi ya shomoro anayelalamika Siku ya Kiyama kwamba aliuawa bure, ambayo ameipokea Nasai na Ahmad, ina maneno kwa baadhi ya wanahadithi kuhusu isnadi yake. Haikuwa lazima kuiegemea. Zilizo sahihi zinatosha, na mpinzani hapewi mwanya.

Lililo kubwa ni hili. Katika Hadithi zote alizozikusanya, Masri anazo Hadithi za shabaha, lakini amezipanga miongoni mwa nyingine kana kwamba zote zina kazi moja, yaani kuthibitisha huruma. Sisi tungeziweka mbele peke yake, kwa sababu katika suala la maabara hizo ndizo asili ya kukisia. Huruma kwa ujumla haimjibu yule kijana wa Safina. Atasema kwamba na kuchinja pia kuna maumivu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Anas (r.a.) aliingia nyumba ya al-Hakam bin Ayyub akawakuta vijana wamemsimamisha kuku wanamtupia mishale, akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza wanyama kufungwa ili wauawe kwa namna hiyo. Na Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikuraishi waliofanya hivyo kwa ndege, akataja kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya shabaha kitu chenye roho. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Muslim anasema katazo hili ni la uharamu, na anataja sababu zake: ni kumuadhibu mnyama, ni kuiharibu nafsi yake, ni kupoteza thamani yake, na ni kukosesha kuchinjwa kwake ikiwa ni wa kuchinjwa, au kukosesha manufaa yake ikiwa si wa kuchinjwa.

Msomaji azipitishe sababu hizo juu ya sungura wa Draize. Anaadhibiwa, nafsi yake inaharibiwa, thamani yake inapotea, na ingawa ni mnyama halali anatupwa bila kuchinjwa wala kuliwa. Hakuna iliyobaki nje. Huku ni kukisia ambako illa yake imetajwa na mwenye madhehebu yetu wenyewe, wala hatujalazimika kuitafuta kwa taa.

Atasema mpinzani kwamba wale vijana walikuwa wakicheza, na maabara haichezi, inatafuta manufaa. Tunajibu kwa mambo mawili. Kwanza, lafudhi ya Mtume (s.a.w.) ni ya jumla, na wanausuli wanasema mazingatio ni kwa ujumla wa lafudhi, si kwa umahususi wa sababu. Pili, ambalo ndilo lenye nguvu zaidi, kujifunza kutupa mishale si mchezo katika Sharia. Ni jambo lililosifiwa. Katika Muslim imepokewa kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alizifasiri nguvu tulizoamrishwa kuziandaa kuwa ni kutupa mishale. Basi hapa tuna manufaa yanayotambuliwa na Sharia, manufaa ya kulinda umma, na pamoja na hayo mtupaji hakuruhusiwa shabaha yenye roho, kwa sababu gogo na kifurushi cha majani vinatosha. Ikiwa mlinzi wa mji hakuruhusiwa ndege, itakuwaje mtengenezaji wa rangi ya midomo aruhusiwe sungura, hali ya kuwa lipo la kutosheleza?

Hapa anajibiwa pia yule anayetoa hoja ya chapa na kuhasi. Ni kweli mafakihi wameruhusu kupiga chapa mahali pasipokuwa usoni, na imethibiti kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwapiga chapa ngamia wa sadaka. Na wenzetu wa Kishafii wameruhusu kumhasi mnyama anayeliwa akiwa mdogo, ili nyama yake iwe nzuri, na uzuri wa nyama si dharura. Hoja hii ina uzito, na katika sura hii tungependa Masri aongeze kurasa. Tofauti iliyopo ni kwamba katika chapa maumivu ni njia ya kupita. Kinachotakiwa ni alama, na kama alama ingepatikana bila moto hakuna ambaye angelalamika. Katika jicho la sungura jeraha lenyewe ndilo jibu linalosubiriwa. Mpimaji anahesabu ukungu na usaha, na kipimo kisingekuwa kipimo bila wanyama wengine kuumia. Huku ni kulenga, sawasawa na mshale.

Tukumbuke pia kwamba maulamaa wetu hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria na ambaye vitabu vyake vinasomwa na wanafunzi wa Kishafii hadi leo, amelitia katika Zawajir, kitabu chake cha madhambi makubwa, suala la kuwakata wanyama viungo, kuwapiga chapa usoni na kuwafanya shabaha. Na kabla yake Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliandika katika Qawaid yake haki za wanyama juu ya mwanadamu, ikiwemo ya kumlisha mnyama hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao hatanufaika naye tena. Karne kadhaa baadaye Wazungu wakaanza kutunga sheria zao.

Ama kwamba lipo la kutosheleza, hili Masri hakuliona kama tunavyoliona leo. Alipoandika mwaka 1989, mengi yalikuwa bado katika hatua za kujaribiwa. Kampeni ya Henry Spira dhidi ya kampuni ya Revlon mwaka 1980 ilikuwa imesababisha kampuni hiyo kutoa dola 750,000 kwa ajili ya kutafuta njia mbadala. Uingereza iliacha kutoa leseni za kupima vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulikataza kupima vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, ukakataza kupima viambato vyake mwaka 2009, na kuanzia Machi 2013 ukakataza kuuza vipodozi vilivyopimwa hivyo. India ilifuata mwaka 2014. China, ambayo ilikuwa ikilazimisha vipimo hivyo kwa bidhaa kutoka nje, ililegeza sharti hilo kwa vipodozi vya kawaida mwaka 2021. Kwa kawaida ya kifiqhi aliyoitaja Masri mwenyewe, udhuru uliokuwa ukidaiwa mwaka 1944 umeshaondoka katika sehemu kubwa ya vipimo vya macho na ngozi.

Lakini njia mbadala zenyewe zina masuala yake, na hapa wanafunzi wetu wana kazi. Mojawapo hutumia macho ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa, yanayochukuliwa machinjioni. Miongozo ya OECD iliikubali mwaka 2009. Mnyama ameshafikwa na mauti kwa sababu ya chakula, jicho lingetupwa, hapana aliyeumizwa zaidi. Nyingine hutumia ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara kutokana na chembe hai, na chembe hizo hutoka katika mabaki ya upasuaji, na baadhi yake katika ngozi inayokatwa watoto wa kiume wanapotahiriwa. Tulipoyasema haya katika darsa, wanafunzi walicheka, kwa kuwa huku kwetu Makondeni na Masasi mambo ya jando yana heshima na siri yake. Suala lenyewe halichekeshi. Madhehebu yetu yanazuia kunufaika na viungo vya mwanadamu kwa ajili ya utukufu wake, na Nawawi ametaja kupendekezwa kuzika nywele na kucha zinazoondolewa mwilini. Je, ngozi ya jando iliyokuwa izikwe inaweza kutolewa ili sungura asipofushwe? Sisi tunaelekea kuona kwamba ikitolewa kwa ridhaa ya walii bila kuuzwa, madhara yake ni mepesi kuliko ya kuadhibu nafsi hai. Lakini hiyo ni rai, nasi tungependa kuisikia kauli ya walio wajuzi zaidi yetu.

Sasa tuje kwenye yale mafungu matatu. Hapa tunahitilafiana na Masri waziwazi. Yeye ameiita tahsini kuwa ni anasa, na vipodozi vyote ameviweka humo. Aliyesoma Muwafaqat ya Shatibi anajua kwamba tahsini si anasa. Ndani yake mna usafi, kusitiri uchi, na kujipamba kulikoamrishwa. Mwanamke kujipamba kwa ajili ya mumewe si upuuzi, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipenda manukato na alihimiza wanja wa ithmid. Mgawanyo wa Suyuti katika al-Ashbah wan-Nadhair ungemfaa zaidi, kwani unapanga daraja tano: dharura, haja, manufaa, pambo na ziada. Pambo lina jina lake na nafasi yake, juu ya ziada na chini ya manufaa. Halidharauliwi, ila haliwezi kuhalalisha lililokatazwa.

Manufaa ya mgawanyo huu yanaonekana tunapogundua kwamba neno vipodozi linabeba vitu vya daraja tofauti. Sabuni ya kuondolea janaba haiko daraja moja na rangi ya kucha. Na yapo mafuta ya kuzuia miale ya jua. Kwa wengi wetu ni ziada tu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, ugonjwa unaowaua wakiwa bado vijana. Ndiyo maana hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiyatengeneza kwa ajili yao chini ya jina la Kilisun. Kwao hii ni haja inayokaribia dharura, ingawa sheria za Ulaya zinayahesabu kuwa ni kipodozi.

Wala si mfano wa kubuni. Mwaka 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Symrise kwamba sheria ya kemikali inaweza kulazimisha vipimo kwa wanyama hata kwa viambato vinavyotumika katika vipodozi peke yake, na viambato viwili vilivyobishaniwa vilikuwa ni vya kuchuja miale ya jua. Basi marufuku ya mwaka 2013, ambayo wengi wanaitaja kana kwamba imefunga mlango, iliacha dirisha. Kwa kanuni ya Masri tungesema ni kipodozi, kwa hiyo ni anasa, kwa hiyo hapana. Kwa kanuni ya Suyuti tunalazimika kuuliza zaidi: ni nani mwenye haja, na je, haja yake haitimizwi na vichujio vilivyokwisha kujulikana kwa miaka mingi, kama vile vya zinki? Ikiwa inatimizwa, kichujio kipya ni nyongeza ya biashara na hakina udhuru. Jibu linaweza kuwa lile lile, lakini aliyefika kwa njia ya pili hamwambii mama wa mtoto mwenye ualbino kwamba mafuta ya mwanawe ni anasa.

Kuna pingamizi ambalo linastahili heshima: vipimo hivi vilikuja kulinda watu. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure, ikaunguza macho ya wanawake, ikapofusha na hata kuua, na msiba huo ulichangia kupatikana kwa sheria yao ya mwaka 1938. Kemikali iliyokuwa ndani yake, parafenilinidiamini, ndiyo hiyo hiyo inayokutwa katika rangi nyingi nyeusi za nywele, na katika piko ambayo mabinti zetu huchorwa mikononi siku za harusi, wakati mwingine wakatoka malengelenge. Tufikiri kidogo. Ubaya wa kitu hiki umejulikana kwa zaidi ya miaka 90, na bado kipo mezani gulioni. Hapakukosekana elimu ambayo sungura mwingine angeileta. Kilichokosekana ni lebo inayosomeka, mkaguzi, na muuzaji anayejua anachouza. Hali ni hiyo hiyo kwa mkorogo: zebaki na haidrokwinoni zinajulikana zinavyoharibu ngozi na figo, na zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilipitishwa mwaka 2003, wakati wa urais wa Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa hapa hapa Lupaso, ambako pia alizikwa Julai 2020. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ikafuata mwaka 2008. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Imamu anayetaka kulisemea jambo hili hana haja ya kuanzia Ulaya.

Limebaki la mnunuzi na muuzaji, ambalo ndilo watu wanalouliza na ndilo tunaloliona pungufu kabisa katika kitabu. Uharamu wa kitendo cha maabara hauihamii moja kwa moja bidhaa. Mafakihi wetu wanapambanua kati ya katazo linalohusu kitu chenyewe na katazo linalohusu jambo la nje yake. Anayeuza wakati wa adhana ya Ijumaa anapata dhambi, na mauzo yake yanasihi. Mchinjaji aliyetumia kisu butu, akamtesa mnyama lakini masharti ya kuchinja yakatimia, amefanya ubaya, na nyama inaliwa. Losheni iliyo tohara na isiyodhuru haiwi haramu kupakwa kwa sababu ya alichofanyiwa sungura miaka 30 iliyopita. Anayeiharamisha anaongeza katika dini.

Hata hivyo, aya ya 2 ya Suratul Maida imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na kusaidia kuna daraja. Anayefadhili maabara si sawa na mwagizaji wa jumla aliyeko Dar es Salaam, na mwagizaji si sawa na mama wa gulioni ambaye hata jina la kampuni haliwezi kumfikisha kwa aliyefanya kipimo. Mwagizaji anaweza kuuliza, ana uchaguzi, na fedha yake inasikika. Kwake tunaona kwamba akijua kampuni fulani bado inaendeleza vipimo hivi na akapata nyingine isiyofanya, haimfalii kuiacha ya pili. Kwa mnunuzi wa kawaida mlango ni wa uchamungu, na uchamungu hulinganiwa kwa upole.

Mama wa gulioni, kwa hiyo, losheni yake ni halali na faida yake ni halali. Ila makopo ya mkorogo yenye zebaki ayaondoe mezani hata kama hakuna sungura aliyeguswa kwa ajili yake, kwa sababu hayo madhara yake yamo ndani ya kopo lenyewe na anayeyapata ni jirani yake. Wallahu aalam.